Hashuki Mtu

Sikuwapenda skauti. Naanza na hilo ili msije mkadhani mimi ni mzee wa kusifia kila kinachovaa sare. Nilikuwa nawaona wakipita barabarani hapa Mapinga, skafu shingoni, fimbo mkononi, wanaimba, nikasema moyoni: hawa wazazi wao hawana kazi za kuwapa? Mtoto mwenye afya, mwenye mikono miwili, unamfundisha kufunga fundo kwenye nguzo, halafu unamwambia alifungue. Nguzo imepata faida gani?

Mimi ni mtu wa Fukayosi, nimezaliwa shambani. Shule niliishia darasa la pili. Kusoma nilikuja kujifunza mwenyewe ukubwani, kwa maandishi ya kwenye mifuko ya saruji, ndiyo maana mpaka leo nikishika gazeti nasoma kwa sauti kama mtu anayegombana nalo. Baba alipofariki niliteremka pwani, nikamkuta mzee mmoja anachimba kisima, nikamwomba nimvutie ndoo. Tangu hapo sijaomba kazi kwa mtu. Kazi ndiyo inaniomba mimi. Nyumba ninayolala, mahari niliyotoa, ada za watoto, vyote vimetoka chini ya ardhi, ndoo kwa ndoo. Siku hizi mji umejaa watu wa Dar walionunua viwanja, kila mtu na ukuta wake, na kila ukuta unataka kisima. Naonja udongo kwa ulimi, nakwambia hapa utakunywa chumvi, sogea kule kwenye mpapai. Sijisifu. Nasema ilivyo.

Mwanangu wa mwisho nilimrithisha kazi. Ana nguvu, ana heshima, ila mpole kupita kiasi. Mtoto akitaka kitu anampa. Ndivyo binti yake alivyoingia skauti bila mimi kuulizwa.

Huyo mjukuu alikuwa mtoto wa kujificha. Mgeni akibisha hodi, yeye nyuma ya mlango. Ukimwambia amkia, ile shikamoo yake ilitoka kama pumzi ya kuku. Bibi yake alikuwa akisema, "Huyu akiolewa, mume atadhani kaoa picha." Basi kaingia sekondari, kaingia skauti, na haukupita muda mrefu nyumba ikawa haina amani. Kila kamba ilikuwa ya kwake. Kamba ya kuanikia ilikazwa mpaka bibi yake akalalamika kwamba khanga zake zinaanikwa juu kama bendera. Mbuzi wangu alifungwa fundo lililonishinda, nikalikata kwa panga, ukawa ugomvi.

"Babu, ungeniita tu nikufungulie."

"Nikuite wewe? Mimi kamba nimeanza kuzishika baba yako hajazaliwa."

"Ndiyo umezishika babu. Lakini umeikata."

Umeona? Mtoto aliyekuwa anajificha nyuma ya mlango. Mimi niliita ule utovu wa adabu. Bibi yake akacheka mpaka akaushika mlango.

Halafu kulikuwa na ile michezo yao. Jumamosi moja nilipita uwanja wa shule nikawaona wamechora duara kubwa chini kwa majivu, mwenzao mmoja kalala katikati kama maiti. Mjukuu wangu akakimbia kumwokoa. Alipokanyaga tu ndani ya duara, kiongozi wao, mwalimu wa kike mwembamba hivi, akapuliza filimbi: "Umekufa! Kaa pembeni!" Mjukuu wangu akaenda kukaa pembeni na wenzake waliokufa kabla yake, wanatafuna miwa. Nilitikisa kichwa nikaenda zangu. Nilimwambia mke wangu jioni ile: "Tunalipia shule, wanafundishwa kufa."

Sasa nieleze kidogo kazi yetu, maana bila hivyo hamtaelewa kilichotokea.

Kisima kirefu kina hewa nzito. Kabla mtu hajashuka, sisi tunateremsha kibatari kinachowaka. Kikizima, hakuna kushuka. Unachukua tawi la mwarobaini lenye majani mengi, unalifunga kamba, unalipandisha na kulishusha mpaka hewa ichanganyike. Kikiwaka, unashuka. Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo. Na tuna neno letu: wa juu ni wa chini. Maana yake, aliyesimama mdomoni mwa kisima ni mali ya aliye ndani. Mwenzio akianguka chini, unashuka. Hakuna kuuliza. Asiyeshuka akirudi kijijini hapewi hata maji ya kunywa.

Nikiwa kijana, kule kwetu bara, kaka mmoja alianguka kisimani, mdogo wake akashuka kumtoa, hakupanda. Mjomba wao akashuka. Naye hakupanda. Wote walizikwa siku moja. Watu wakasema kisima kina jini, kikafukiwa. Na mimi niliamini jini. Ndiyo maana sijawahi kupiga sururu ya kwanza bila dua na ubani. Lile neno letu, wa juu ni wa chini, halikuulizwa na mtu.

Mwaka huu, kiangazi kilipokaza, mama mmoja mjane, jirani yetu, kisima chake kilibaki tope. Akataka tukiongezee kina. Tulikuwa mimi, mwanangu, na kijana wa Msata tuliyemwajiri kuvuta kamba kwenye roda, kijana mwenye mdomo lakini mwenye mkono. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mjukuu ndiye aliyetuletea chakula. Mama yake alikuwa kwao Msata anauguza.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa yamejikusanya chini, lazima yatolewe ndipo mtu achimbe. Pampu tuliyonayo ni ya petroli. Ukiiweka juu hainyonyi maji ya mbali vile. Mpira unakoroma tu. Mwanangu akasema tuiteremshe kwa kamba, tuikalishe kwenye ubao katikati ya kisima, ifanye kazi kutoka humo. Vijana wengi siku hizi wanafanya hivyo. Nilikunja uso, maana sipendi injini kwenye kisima changu, lakini nilikubali. Ikanguruma, maji yakatoka, ikaishiwa petroli ikazimika yenyewe, tukaivuta juu. Tukala mihogo na chai tukingoja moshi utoke. Ulipokuwa hauonekani tena, nikateremsha kibatari mpaka chini kabisa.

Kiliwaka. Kiliwaka vizuri, mwali umesimama kama kidole.

"Safi," nikasema. "Shuka."

Mwanangu akaanza kuvua shati, na hapo mjukuu akaja na kamba, skafu na filimbi yake ya skauti shingoni.

"Baba, subiri nikufunge."

"Nifunge nini tena, mama? Nashukia kamba ya ndoo siku zote."

"Ile unaishika kwa mikono. Ukichoka je? Hii inapita kifuani, chini ya makwapa. Haibani na haifunguki."

Kijana wa Msata akaangua kicheko. "Bosi, leo unateremshwa kama jeneza!"

Mimi nikaongezea yangu: "Mwache amfunge. Idi ikifika tutakuwa na mbuzi wa kuchinja."

Mwanangu alicheka, akainua mikono, akafungwa. Alifanya vile kumfurahisha binti yake, si kwa sababu nyingine. Mjukuu akalivuta lile fundo, akalikagua, akapitisha kamba kwenye roda ya pili. Mimi niligeuka nikatema mate. Nilikuwa naona kazi inacheleweshwa na mchezo.

Akashuka. Mwanangu akiwa chini huwa anaimba. Hana sauti, lakini anaimba, na sisi wa juu tunajua yuko mzima. Alijaza ndoo, tukaivuta. Akajaza nyingine. Halafu wimbo ukawa unakatika, kama mtu anayesinzia. Halafu ukakatika moja kwa moja.

"Wee!" nikaita. "Unalala?"

Kimya. Nikainama mdomoni. Kibatari kilikuwa bado kinawaka kwenye kishubaka cha ukuta wa kisima alipokiweka mwenyewe, na kwa mwanga ule nilimwona mwanangu kakaa kwenye tope, kichwa kimeegemea udongo, kama mtu aliyekunywa pombe. Mwanangu hanywi pombe.

Sikufikiri. Nawaambieni ukweli, hakuna mtu anayefikiri. Viatu vilikuwa vimeshanitoka miguuni, mkono mmoja umeshika kamba ya ndoo, mguu mmoja umeshavuka ukingo. Kijana wa Msata naye alikuwa upande wa pili anafanya vilevile. Wa juu ni wa chini.

Ikalia filimbi. Ililia karibu na sikio langu mpaka nikashtuka, na kabla sijakaa sawa mjukuu alikuwa amenishika ukosi wa shati kwa nyuma, ananivuta kwa uzito wake wote.

"Hashuki mtu!"

"Niachie! Ni mwanangu!"

"Na ni baba'angu!" akasema. "Ukishuka utakufa, babu. Utakufa na yeye tutachelewa kumtoa. Kafungwa! Tumvute!"

Alisema "kafungwa", na mimi ndipo nilipokumbuka ile kamba. Wallahi nilikuwa nimeisahau. Mzee mwenye kazi ya kamba umri wote, kamba iko mbele ya pua, sikuiona.

Kijana wa Msata bado alikuwa na mguu ndani. Mjukuu hakumbembeleza. Alimnyooshea kidole: "Wewe kaka, roda ya pili. Sasa hivi. Babu, nyuma yake. Nikisema vuta, vuta. Nikisema shika, shikeni tu." Na sisi, mbavu nene sote wawili, tukaenda kama alivyosema.

"Vuta! Shika. Vuta! Shika."

Mtu aliyezirai ni mzito kuliko mtu. Kamba ilinichuna viganja, navyo vina sugu kama kwato. Filimbi ilishaleta majirani, wanaume wawili watatu wakaingia kwenye kamba nyuma yangu bila kuambiwa, na mjane akawa analia, "Jini! Kisima changu kina jini!" Mjukuu alikuwa amelala kifudifudi mdomoni, anaongoza kamba isisuguane na ukingo. Sauti yake haikutetemeka. Sikujua kuwa mtoto huyu ana sauti.

Kikatokea kichwa. Halafu kifua, na lile fundo limekaa palepale lilipofungwa, halikuteleza wala halikumkaba.

Tukamlaza kwenye mchanga. Alikuwa anapumua, lakini pumzi za mbali. Na hapo, ndugu zangu, ndipo ilipoanza vurugu ya pili, maana watu wetu wakimwona mtu kazidiwa hawakosi dawa. Mjane alishakimbia ndani, akarudi na kikombe cha maziwa.

"Mnyweshe maziwa! Maziwa yanaua sumu!"

"Mmwagieni maji!" mwingine akasema.

"Mkalisheni! Mkalisheni kitako!"

Na mimi nilikipokea kile kikombe. Mkono wangu ulikuwa njiani. Maziwa ndiyo tuliyokua nayo. Mtoto akinywa mafuta ya taa, maziwa. Nyoka akikutemea, maziwa. Mjukuu akakichukua kikombe mkononi mwangu, polepole, kwa mikono miwili kama anayepokea kitu kwa mkubwa.

"Babu, hawezi kumeza. Atapaliwa. Yataingia kwenye mapafu."

Akamgeuza baba yake ubavu, akamkunjia goti moja, akamlegeza mkanda, akamwinua kidevu. Halafu akasimama, akawatazama watu. Hakusema "jamani mtu aite bajaji", kama tunavyosema sisi, ambapo kila mtu anamtazama mwenzake. Alinyoosha kidole. "Wewe mwenye shati jekundu, lete bajaji mpaka hapa mlangoni. Mama, nakuomba uwarudishe watu nyuma, baba apate hewa. Kaka, mpigie bibi, mwambie baba yu hai, aje." Yule mwenye shati jekundu ni mtu mzima, ana wajukuu. Alitoka mbio.

Barabara ya kwenda Bagamoyo naijua kama kiganja changu, lakini siku ile ilirefushwa. Mwanangu alilala mapajani mwangu ndani ya bajaji, mjukuu amekunjamana mbele na dereva, kila mara anageuka kumtazama kifua. "Kinapanda, babu?" "Kinapanda." "Kinashuka?" "Kinashuka, mwanangu, tazama mbele." Nilikuwa namwambia Mungu maneno ambayo sitayasema hapa.

Hospitali wakamvika hewa usoni. Bibi yake akafika, akakaa kwenye benchi akashika tasbihi. Daktari kijana akanihoji kazi tunafanyaje, nikamweleza, nikamwambia na kibatari kiliwaka, mimi mwenyewe nilikiteremsha.

"Mzee," akasema, "ile hewa nzito unayoijua wewe inazima moto. Sumu ya moshi wa injini haizimi moto, haina rangi, haina harufu. Inabaki humo moshi ukishatoka. Taa inawaka, mtu anazimika."

"Kwa hiyo kibatari kilinidanganya."

"Kilikujibu ulichokiuliza, mzee. Hii nyingine hakiijui." Kisha akauliza, "Nani alikuzuieni kushuka?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za varanda, mtoto mdogo kabisa, anaikunja skafu yake na kuikunjua. Ule ujasiri wote ulikuwa umemtoka. Bibi yake alipokwenda kukaa kando yake, alimwangukia mapajani akalia kwa sauti kubwa, tena bila aibu, watu wanapita. Nikafurahi kumwona analia. Nilianza kuogopa kwamba wamenigeuzia mjukuu kuwa askari.

Jua lilikuwa bado juu mwanangu alipofungua macho. Alitutazama mmoja mmoja, akakohoa, akasema, "Ndoo mmeipandisha?"

Mke wangu alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilitoka nje. Kuna kijana anauza chipsi nje ya geti, nikamwambia akaange, aweke na mayai, na kuku, na kachumbari, aweke tu. Miguu yangu ilikuwa myepesi kama nimetua mzigo niliobeba kutoka Fukayosi. Nilimpelekea mjukuu sahani ile, nikakaa naye kwenye ngazi.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Mchezo, babu. Lile duara la majivu ndiyo hatari yenyewe, ukiingia umekufa. Mimi nilikufa mara nyingi kuliko wote." Akatafuna. "Kila nikimwona mwenzangu kalala, miguu inakwenda yenyewe. Mwalimu akasema miguu ya huruma ina mbio, ifundishwe kusimama. Basi nikawa nakufa, nakufa, mpaka siku moja nikasimama."

Nilikula chipsi zake mbili tatu. Nilikuwa nawafikiria kaka, na mdogo wake, na mjomba wao. Hawakuwa na jini. Walikuwa na miguu ya huruma, wala hakuna aliyewachorea duara.

Sikuwa malaika baada ya hapo. Bado nawaona skauti wanaimba vibaya. Lakini katika kazi yangu injini haiingii tena kisimani, na hakuna anayeshuka bila kamba kifuani, hata akiwa anashuka kutoa sandali iliyoanguka. Lile neno letu nimelibadilisha. Nawaambia vijana: wa juu ni wa chini, ndiyo maana wa juu abaki juu. Kijana wa Msata ananiambia, "Mzee, umeanza kuhutubia." Lakini anajifunga. Mjukuu alinifundisha lile fundo barazani; vidole vyangu ni vinene, nililikosea sana, akanivumilia, na bibi yake hakuvumilia hata kidogo.

Kisha wakaja kuniomba. Mwalimu wao yule mwembamba mwenyewe alikuja, kaniamkia kwa adabu, akasema mzee, kwako kuna uwanja mpana, na vijana wangependa kufanyia zoezi mahali penye wachimba visima wa kweli. Nikamwambia njooni. Wakaja na skafu zao, wakamwaga majivu, wakachora duara mbele ya nyumba yangu, wakamlaza mmoja katikati. Mimi nikapewa kazi ya mvuta kamba. Niliwaonya kwamba hapa hamtanifundisha kitu.

Zoezi likaanza. Wakafunga, wakavuta, mimi navuta. Lakini kamba ilikuwa imepinda upande wa kule, inasugua kwenye jiwe, na mimi kamba ikisugua siwezi kutazama. Nikasogea kuinyoosha.

Filimbi ikalia.

"Babu!" Mjukuu wangu kasimama, mikono kiunoni. "Umekufa! Kaa pembeni!"

Nikatazama miguu yangu. Yote miwili ilikuwa ndani ya majivu. Watoto wakapiga yowe la furaha, hata yule maiti akaamka kunitazama. Nikaokota kofia yangu nikaenda kwenye mkeka chini ya ukuta, walikokaa waliokufa. Mwanangu alikuwa kashafika, mzima wa afya, kifua wazi, sahani ya mihogo magotini.

Akasogea kunipa nafasi.

"Karibu, mzee," akasema. "Mimi nimekufa mapema. Chukua muhogo."